Shubiri Tatu

...uzi wa bluu umeshika, sasa wa chungwa, mkono usitetemeke, nyuzi hizi za kioo ni nyembamba kuliko unywele, na fundi alikuwa amepiga magoti mtaroni tangu asubuhi, juu yake behewa lililoacha reli jana limelala ubavu, gurudumu lake ndilo lililozama ardhini likaukata mkongo wa simu, mji mzima simu kimya, na msimamizi anasema nini huko juu, "...kosa ni la watu wa reli, sisi wetu tuliuzika vizuri, au siyo fundi?", ndiyo bosi, akaitika, upesi kama mtoto aliyeficha kitu mgongoni, vizuri wapi, mita moja na nusu ndivyo alivyoandika mwaka juzi, na picha akapiga, futi ya kupimia imesimama wima mtaroni, ila alipima kuanzia juu ya kifusi alichokichimba mwenyewe, si usawa wa ardhi, ndio ujanja wao wachimba mitaro, mwamba ukigoma unarundika udongo ukingoni, tumechimba kwenda juu jamani!, mmoja akasema, wenzake wakacheka, yeye akacheka kuwashinda wote... na gurudumu limezama shubiri tatu, amepima kwa kiganja, shubiri tatu tu!, mkongo ungekuwa kina kile alichoandika lisingeugusa kamwe, na dereva wa treni amebanwa mguu, msaidizi wake anapiga simu hospitali, kimya, anapiga, kimya, mpaka akaenda mbio kwa miguu, saa mbili nzima, na mguu wenyewe, kwa kuchelewa huko, umekatwa, halafu dada wa dereva kaja kuchukua begi la kaka yake, kamwona fundi kaloa jasho, "Pole na kazi kaka, bila nyie tungekuwaje," kampa maji, naye kayanywa, kayanywa yote, mtu mzima hovyo... "Ukimaliza tunachimba upya hapa pote," msimamizi akasema, pote, basi mtaro wa zamani utafutika, hakuna atakayejua, na kifua kikawa chepesi, akapumua, Mungu wangu, amefurahi!, mwenzake hana mguu naye anafurahia udongo, hapo aibu ikampanda mpaka masikioni, kumbe ndiye mtu wa aina hii, miaka yote hii, "Fundi, umelala? Rangi gani sasa?", kijani bosi, akainamia uzi, atasema, akitoka tu humu atasema, na ataanzia kwa yule dada, maana bosi atamfukuza kazi tu, lakini yule dada aliyempa maji atamtazama usoni, na hiyo ndiyo adhabu inayomstahili...