Namba ya Gari Jeusi

Waliokuwepo katika gereji ya Mkomaindo, Jumanne ile saa nne asubuhi, walikuwa wanne: Erasto, fundi na mwenye gereji, Dorika, mkewe, Yassini, fundi wa rangi, na Bibi Stamili, mama mzazi wa Dorika, aliyeshuka kutoka Newala kuja kung'olewa jino hospitalini. Wa tano, Alfani, hakuwepo, lakini yeye ndiye aliyeogopwa.

Alfani alikuwa mmoja wa wanunuzi wa korosho walioingia Masasi tangu Serikali iruhusu watu binafsi kununua zao hilo. Jana yake alileta gari jeusi la kifahari, lenye viti vya ngozi na vioo vinavyopanda kwa kubonyeza kitufe. Alimkabidhi Erasto karatasi yenye herufi na tarakimu kumi na saba.

"Namba ya chesisi imeliwa na kutu huko Newala," alisema. "Igonge upya. Kesho saa saba nakuja. Na usiwe na domo kama fundi wa Lisekese."

Gereji ya fundi wa Lisekese iliungua mwezi uliotangulia, na mwenyewe hakuonekana tena.

Erasto alikuwa amekwisha kupanga chapa zake za chuma juu ya gunia, kila tarakimu mahali pake, Bibi Stamili, aliyekuwa amesimuliwa maneno ya Alfani, alipocheka huku ameshika shavu.

"Kutu ya Newala? Mkwe wangu, kule kwetu maji tunanunua kwa ndoo, watu wanaoga kwa kikombe. Gari hilo limelowa wapi?"

Nyundo ilibaki hewani. Erasto aliiweka chini, akainama, akamulika kurunzi pale penye namba, kwenye fremu ya gari. Hapakuwa na kutu hata chembe. Chuma kilikuwa kimesagwa kwa makusudi, kinang'aa kama kijiko kipya.

Akaonyesha ndani ya gari kwa kidole. "Yassini, chomoa kile kisahani cha majivu ya sigara. Kigeuze."

Chini ya plastiki palikuwa na duara dogo kama uso wa saa, limezungukwa na tarakimu moja hadi kumi na mbili. Katikati palikuwa na mshale na namba 92. Mshale ulielekea tano. Chuoni Erasto alifundishwa kwamba kiwandani huugeuza mshale huo kila mwezi, ili kila kipande kibebe tarehe yake ya kuzaliwa. Akavikagua vioo: pembeni mwa kila kimoja, chini ya maandishi madogo, palikuwa na tarakimu mbili za mwaka na vitone vya kuonyesha mwezi. Akavuta mkanda wa kiti hadi mwisho, akasoma kitambaa kilichoshonewa chini. Vyote vilitoa ushahidi mmoja: gari lilitengenezwa mwaka tisini na mbili. Kadi ya gari aliyoiacha Alfani ilisema themanini na nne.

"Kumbe limechanjwa nembo kama Bibi!" Yassini alisema, akitazama chale za usoni mwa Bibi Stamili na kujaribu kucheka. "Hata ukilibandika jina la ukoo mwingine, uso unakataa."

"Koma wewe! Zangu nilichanjwa kwa heshima, ngoma zikilia. Hizo zimefichwa chini ya majivu."

"Maana yake nini, Baba Upendo?" Dorika aliuliza.

"Maana yake hili ni la wizi. Ananitaka nilivike jina la gari lililokwisha kufa."

Yassini alitazama barabarani. "Gonga, kaka. Achukue gari lake aende."

Erasto alimwonyesha chapa ya nane, iliyomeguka upande wa juu. Nane hiyo iligongwa kwenye matela na mashine za kusaga za nusu ya wilaya, na hapakuwa na askari asiyeijua ni ya nani. Karatasi ya Alfani ilikuwa na nane tatu.

"Na usipogonga?" Dorika alisema kwa sauti ndogo.

Lori lilipunguza mwendo nje. Wote wanne waliganda hadi lilipopita. Ilikuwa saa tano kasoro. Akili ya Erasto haikubanduka kwa fundi wa Lisekese, ambaye, kwa maneno ya watu, alimnong'oneza mtu mmoja tu habari za Alfani, tena faraghani. Mtu mmoja hunyamazishwa. Soko zima je?

Aliinuka. Akazifunga chapa zake ndani ya gunia.

"Nisikilizeni. Namba hii siigongi. Mama Upendo, mchukue mama na watoto, pandeni basi la saa sita kwenda Newala. Msiniage mara mbili. Yassini, wewe utakaa nami mbele, umeshika hicho kisahani. Tutalipitisha gari hili katikati ya soko, polepole, honi ikilia, na kila atakayeuliza tutamwambia tulichokiona, mpaka mlangoni kwa polisi. Tunaondoka sasa hivi."