Nyasi za Zahanati

Kosa la Enesi lilikuwa kusema ukweli, tena kwa majivuno. Mwezi wa kumi na moja, mwaka 2010, alipita kijana aliyetumwa na wilaya kuhesabu maboma, yaani zile kuta za zahanati ambazo wananchi waliambiwa wazinyanyue wenyewe mpaka kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha, kisha serikali ije iezeke. Kijana hakushuka hata kwenye pikipiki. Aliuliza tu kama boma lao lina paa. Enesi, katibu wa kamati ya ujenzi, akajibu kwamba lina paa, tena wameezeka wenyewe, karibu uone. Kijana akaweka tiki kwenye fomu yake, akawasha pikipiki, akaenda zake.

Sasa lile paa lilikuwa la nyasi. Wanakijiji walikuwa wamefyatua matofali, wamechoma, wamesomba mchanga kutoka mtoni kwa ndoo, kila kaya na zamu yake, na mahindi yao yakingoja palizi. Lenta ilipomalizika waliambiwa mabati yanakuja. Masika ya kwanza yalikula kichwa cha kuta. Masika ya pili yalipokaribia, mzee Zebedayo, mwenyekiti wa kamati, alisema haiwezekani jasho lote lile liyeyuke huku wanatazama. Wanaume wakakata nyasi, na Zebedayo mwenyewe akapanda kufunga kwa kamba za magome. Huyu mzee alikuwa ameezeka nusu ya nyumba za kijiji, na fundo lake lilijulikana. Hufungui, unakata kwa panga.

Walitaka kuziokoa kuta tu. Lakini muuguzi Ketrina, aliyekuwa akifanya kazi kituo cha afya cha Igamba, alipoona kuna mahali pakavu alikubali kuja kila Jumanne ya kwanza ya mwezi. Akaning'iniza mizani yake kwenye boriti, akapima watoto na kuwachanja. Kina mama wakaacha kutembea saa tatu kwenda na saa tatu kurudi. Enesi alikuwa akisimama mlangoni siku hizo, akisikia watoto wakilia kwa sindano, na moyo wake ukitulia. Mjukuu wake wa kwanza alizaliwa na kufia njiani, kwenye barabara ile ile ya Igamba, huku mama yake, Recho, binti wa Enesi, akiwa amelazwa juu ya kanga kando ya shamba la kahawa. Ndiyo maana Enesi aliingia kwenye kamati, na ndiyo maana hakutoka hata alipochoka.

Mwezi wa pili wa mwaka uliofuata, orodha ya vijiji vitakavyopewa mabati ilibandikwa. Kijiji chao hakimo. Enesi akavaa viatu vya kanisani, akapanda gari mpaka mjini, kwenye ofisi za wilaya ya Mbozi, akaingia ofisi hii akatumwa ile, mpaka mchana alipofikishwa kwa afisa mmoja aitwaye Samwel. Kijana huyo alimpa shikamoo na kiti, jambo ambalo ofisi nyingine zote zilikuwa zimelisahau. Macho yake yalikuwa mekundu kwa usingizi, na mafaili yamemzunguka kila upande. Akapekua, akaipata fomu.

"Mama, hapa inaulizwa kitu kimoja tu. Lina paa au halina. Nyie mmesema lina."

"La nyasi, mwanangu. Tuliziba tu mvua isile kuta."

"Fomu haina nyasi, mama."

Enesi akaeleza habari ya barua nne walizoandika kuomba mabati. Samwel akazionyesha zote nne, zimepangwa vizuri kabisa, hakuna iliyopotea. Enesi alikuwa amejiandaa kugombana na mtu aliyepoteza barua. Kwa huyu aliyezitunza, ugomvi haukuwa na pa kuanzia.

Samwel akautazama mlango, kisha akashusha sauti. Jumatano ijayo wakaguzi wangepita kata yao kuhakiki orodha. Wakikuta boma lina paa, wataandika lina. Wakikuta halina, wataandika halina, na linaweza kurudishwa. "Mimi sijakwambia kitu, mama yangu," akasema, na akafunga faili.

Siku iliyofuata Enesi aliitisha mkutano. Akawaeleza yote aliyoyasikia mjini. Timotheo, aliyekuwa amesomba mchanga kuliko wote na mgongo wake ukakoma kunyooka, aliuliza kama ameelewa vizuri: ili wasaidiwe, inabidi kwanza wabomoe walichojisaidia? Aliuliza bila ukali, kama mtu anayetaka kujua bei. Enesi akasema ndiyo, ameelewa vizuri. Akaongeza kwamba kosa ni lake, yeye ndiye aliyejibu lina paa. Hakuna aliyembishia, na hakuna aliyemlaumu. Walikuwa wamechoka hata kulaumu.

Jumanne wakapanda na mapanga. Zebedayo alikata mafundo yake mwenyewe, moja baada ya jingine, wala hakutaka kusaidiwa. Nyasi wakazirundika nyuma ya boma na kuzifunika kwa maturubai ya kuanikia kahawa.

Jumatano wakaguzi hawakuja. Alhamisi hawakuja. Ijumaa watu walikaa barabarani wakichungulia kila vumbi kule bondeni, ikawa ni pikipiki iliyotoka Mkwajuni imepotea njia. Jumamosi mvua ikashuka, mvua ya Mbozi isiyojua kunong'ona, ikapiga usiku kucha na Jumapili nzima. Jumatatu asubuhi Enesi akakuta ukuta wa chumba cha kujifungulia umepiga magoti, matofali yamelala ndani ya tope. Alisimama pale akalia kidogo, kisha akafuta uso kwa kitenge, kwa kuwa kesho yake ilikuwa Jumanne ya kwanza ya mwezi na alikuwa amesahau kumpelekea Ketrina habari.

Ketrina alifika na kidebe chake cha barafu cha kubebea chanjo, akainua macho, akaona mawingu pale palipokuwa na nyasi. Manyunyu yalikuwa yakianza. Alisema hawezi kufungua chanjo kwenye mvua, zitaharibika, na yeye ndiye atakayeulizwa. Alisikitika kweli kweli, lakini akageuza. Wanawake kumi na wawili walibaki wamejikunyata ukutani na watoto migongoni. Mmoja wao, Tulinagwe, alikuwa ametoka ng'ambo ya mto na mtoto wa miezi minne. Akamsogelea Enesi.

"Mama Recho, paa mmelipeleka wapi?"

Enesi akavua kitenge chake, akamfunika mtoto. Angelieleza vipi jambo hilo kwa mtu aliyeloa?

Saa saba gari la wakaguzi likatokea. Akashuka bwana mmoja mpole, mwenye buti za mvua, akaomba radhi kwa kuchelewa. Gari lilikuwa limekosa mafuta. Akalizunguka boma, akaandika. Akauliza kuhusu ukuta ulioanguka, akaambiwa ni mvua, akaandika. Akafika nyuma, akainua pembe ya turubai.

"Na hizi nyasi?"

Zebedayo akatazama chini. Kina mama wakatazama kando.

"Za ng'ombe," akasema Enesi.

Katika maisha yake yote Enesi alikuwa ameona aibu kwa mambo machache tu, na hili likawa mojawapo. Nyasi zile watu wazima walizikata siku nne, na sasa anazikana mbele yao kana kwamba wameziiba. Bwana yule akaandika: halina paa. Enesi akamuuliza mabati yatakuja lini. Akajibu kwa upole uleule kwamba kijiji kitaingia kwenye orodha ya mwaka ujao wa fedha, ikipitishwa, na kwamba kabla ya kuleta chochote watapita tena kuhakiki.

"Mtapita lini?"

"Hapo siwezi kukudanganya, mama. Siku yoyote."

Gari likaondoka. Kisha Enesi akaenda nyuma, akavua turubai, akabeba tita moja la nyasi kichwani, maji yakimchuruzika shingoni. Timotheo akafuata na lake. Tulinagwe akamkabidhi mtu mtoto, akabeba la tatu.

Zebedayo alikuwa ameshapanda ngazi na kamba mpya mabegani. Akaweka tita la kwanza, akazungusha kamba, akaanza kukaza kwa meno na mikono kama alivyozoea miaka yote.

"Mzee Zebedayo," Enesi akamwita kutoka chini. "Safari hii usikaze. Funga kitanzi, tukivuta kifunguke."

Mzee akamtazama, akaitazama mikono yake. Kisha akalifungua lile fundo na kuanza upya.