Albamu ya Tatu ya Ukungu

Albamu ya tatu ya bendi ya Ukungu ina nyimbo tisa. Nane ni nzuri. Wa tisa ni mzuri kuliko zote, na ndio ulionimaliza.

Watu wa Mubi, hapa Walikale, wamezoea maneno yangu kuhusu muziki. Nina kibanda kando ya barabara, pale malori yanapopumzika, na paneli mbili za jua juu ya bati. Mtu analeta simu kuchaji, na akitaka nyimbo mpya ninamwekea kwenye kadi ya memori. Wengine wa kazi hii wanaweka chochote. Mimi ninasikiliza kwanza, halafu ninasema. Shule niliiacha darasa la tano, lakini gitaa la umeme ninalijua, na muziki wa rok ndio ninaoupenda. Mwaka huu Waya Tupu wa Goma wametoa albamu yenye magitaa matatu yanayopigana kama mbuzi ndani ya gunia. Niliwaambia wateja waiache. Dada wa Volkano, wale wasichana watatu wa Bukavu, wametoa nyimbo nne za polepole, walizojirekodia wenyewe chumbani. Unasikia hadi kiti kikilia. Hizo nilizisifu, na vijana wa pikipiki wakanicheka.

“Papa Gisubizo, hii ni muziki ao ni kilio?”

“Masikio yako yamejaa moshi wa pikipiki yako. Sikiliza besi.”

“Besi inalala!”

“Ni wewe njo unalala.”

Ukungu ni habari nyingine. Ni wanaume wanne wa kilima chetu kule Masisi. Sébastien, anayeimba na kupiga gitaa, alianza na kopo la mafuta na nyuzi za breki, na breki zile zilikuwa za baiskeli yangu. Albamu ya kwanza waliirekodi katika ukumbi wa parokia, na mvua inasikika juu ya bati tangu mwanzo hadi mwisho. Ya pili walifanya Goma, baada ya sisi sote kukimbia. Ilikuwa imechoka. Nilimwambia Sébastien hivyo kwenye simu, akanuna wiki mbili, kisha akapiga kuniambia nilisema kweli.

Kitu kimoja nilichowaheshimia: hawakutupa libanga. Kwetu Kongo mwimbaji anatupa majina katikati ya wimbo kama mtu anayetupa mawe, mfanyabiashara huyu, mkubwa yule, na mwenye jina analipa. Karibu wote wanafanya, siwalaumu, mtu anakula. Ukungu walikataa. Sébastien alikuwa anasema jina la mkubwa katika wimbo ni kama pua ya ng'ombe ndani ya sahani yako.

Alikuja siku ya Jumanne, juu ya lori, na albamu mpya mfukoni. Nilikuwa mtu wa kwanza kuisikia, kama siku zote. Mke wangu Emérita alikuwa nyuma ya kibanda anamenya mihogo. Sébastien alimsalimia, akakaa juu ya kreti, akaanza kutazama miguu yake. Hiyo sikuizoea. Kwa kawaida ananitazama usoni, anataka kuona kama nimependa.

Nilipenda. Sauti ilikuwa safi, ngoma za Rukundo, mpigaji wao, zilikuwa na kifua, gitaa lilikata. Wimbo wa tisa ulianza na gitaa peke yake, noti tatu zinazorudi. Ngoma inachelewa kuingia, inachelewa hadi unataka kusimama, halafu inaingia. Nywele zilinisimama. Dakika ya tatu vyombo vyote vikanyamaza, na Sébastien akapaza sauti: “Komanda Polycarpe, baba wa wasio na baba! Polycarpe, mulinzi wa Walikale!” Kisha gitaa likapanda.

Nilizima.

Lazima niseme Polycarpe ni nani. Miaka mitatu iliyopita, tulipokuwa tunahama kwa miguu kutoka Masisi, watu wake wenye bunduki walitusimamisha kwenye bariyeri ya barabarani. Walimchukua Gisubizo, mtoto wetu wa pekee, mwenye miaka kumi na tisa, awabebee magunia, siku mbili tu, walisema. Hakurudi. Ndiyo sababu tulikaa Mubi, ili tusiwe mbali na barabara atakayotokea. Emérita alikuwa hajavaa nguo ya kilio, wala hajakubali misa ya marehemu. Alikuwa anasema mtoto yuko porini, anabeba.

“Umetaja jina la nani?” nilimwuliza Sébastien.

“Kaka, tulia kwanza.”

“Nimetulia. Masikio yangu iko muzima. La nani?”

Alieleza. Polycarpe aliwaita wakapige kwenye ubatizo wa mtoto wake, huko kwenye machimbo. Aliwapa vyombo vipya, akataka wimbo.

“Hukusikia sauti imekuwa safi?”

“Nimesikia. Njo ubaya wake.”

“Muntu wa bunduki akikuomba wimbo, kaka, ile si kuomba.”

“Ungemupa wimbo mubaya! Ungemutupia jina lake katika takataka. Wewe umemupa ile muzuri kuliko yote.”

Alicheka kidogo, kicheko kibaya. “Sijue kuimba vibaya kwa kusudi.”

Emérita alikuwa amesimama mlangoni na kisu chake. Nilidhani atamlaani. Alisema, “Washa tena.”

“Mama Gisubizo, acha.”

“Washa.”

Niliwasha. Alisikiliza hadi kwenye jina, na baada ya jina, hadi mwisho. Kisha akamwuliza Sébastien, “Watu wake wanasikiliza hii?”

“Ndiyo, mama. Kila mahali wako. Hata kule ndani kabisa.”

“Basi uimbe tena. Utupe na jina ya mutoto wangu. Iwe nyuma ya jina ya huyo nyoka, sijali. Useme: Gisubizo, mama yako iko Mubi, anakungoja. Akiisikia kule, atajua njia.” Aliingia ndani, akarudi na pagne mbili, vitenge alivyovitunza bila kuvishona. “Libanga inalipiwa, najua. Kamata.”

Hapo nitasema kitu cha aibu. Dakika moja kabla nilitaka kuivunja ile kadi. Sasa nilikuwa nausikia wimbo kichwani, na jina la mtoto wangu limekaa mahali pake, pale vyombo vinaponyamaza, kabla gitaa halijapanda. Lilitosha kabisa.

“Inaingia,” nilimwambia Sébastien. “Pale pale. Hamutabadilisha hata noti moja.”

Sébastien hakuzigusa pagne. Alikuwa anazungusha waya wa spika kwenye vidole.

“Ni jina moja tu,” Emérita alisema.

“Hapana, mama.”

“Unamuogopa?”

“Ninamuogopa, lakini si ile.”

“Ni nini sasa? Sema!”

Alinitazama mimi, kama vile mimi ndiye ningemsaidia. “Nilimuuliza,” alisema. “Siku ya kwanza, mbele ya kupiga hata wimbo mumoja. Nilimutajia Gisubizo, na bariyeri, na mwaka. Jina hakulijua. Aliita muntu wake mumoja, huyo alikumbuka. Kijana murefu wa Masisi, mwenye kovu kwenye kidevu. Alisema ilikuwa siku ya ine. Mvua ilinyesha, mulima ulikuwa mubaya, gunia lilikuwa na maji. Alianguka. Hawakumungoja.”

“Aliamuka baadaye?” Emérita aliuliza.

“Hapana, mama. Walirudi kwa ile njia kesho yake, wakamukuta pale pale.”

Lori lilipita, vumbi likaingia kibandani.

“Halafu ukamuimbia,” nilisema.

“Halafu akaniuliza kama nitaimba ao siimbi.”

Emérita alizikunja pagne upya, kona kwa kona. “Miaka tatu,” alisema. “Miaka tatu ninangojea muntu aliyeishi siku ine.”

Sébastien aliondoka na lori la kwanza. Sikumsindikiza. Wimbo wa tisa niliufuta, zile nane nikaziacha. Wateja wakiniuliza wa tisa uko wapi, ninawaambia kweli: ni kazi bora kuliko zote za Ukungu, na kwangu haiko. Wanavuka barabara, wanaupata kwa jirani. Wiki moja haikuisha, kila pikipiki ya Mubi ilikuwa nao. Ningependa kuwaambia watu ni wimbo mbaya, lakini siwezi.

Emérita alikwenda mwenyewe kwa katekista kuomba misa. Katekista aliuliza tarehe ya kifo. Tulihesabu kutoka siku ya bariyeri, siku nne, akaiandika katika daftari.

Misa ilikuwa Jumapili. Emérita alivaa nyeusi. Majina ya marehemu yalikuwa mengi, padri aliyasoma haraka kama mtu anayekimbia mvua, na la Gisubizo lilikuwa kati ya mzee mmoja wa Kirotshe na mtoto mchanga. Alipolifikia, pikipiki ilisimama nje kungoja abiria, na spika yake iliwaka. Noti tatu zinazorudi. Padri aliendelea kusoma, midomo yake ilienda, lakini jina la mwanangu sikulisikia. Nilisikia gitaa. Nilisikia ngoma ikichelewa, ikachelewa, ikaingia.

Mguu wangu ulikuwa unaipiga sakafu, sawasawa na ngoma. Nilipouona niliuzuia. Baada ya muda ulianza tena. Emérita aliutazama, kisha akatazama mbele.