Mnyororo wa Bi Exilda

Shemeji yangu Gilman ni mwenyekiti wa chama cha pikipiki za theluji hapa kwetu, na ukikaa naye dakika mbili bila yeye kukukumbusha hilo, jua anaumwa. Ana koti lililoandikwa MWENYEKITI mgongoni kwa herufi za manjano. Nadhani ni ili siku pikipiki ikimbwaga mtoni tujue tumemwopoa nani.

Haki yake nimpe: njia anaitunza. Yeye na wenzake, hakuna anayelipwa hata senti, wanakata miti iliyoanguka, wanatengeneza vidaraja vya mbao, na theluji ikishatua wanapanda lile trekta la kuisawazisha, wanarudi nyusi zimeganda barafu. Lakini ardhi si yao. Njia inapita kwenye mashamba ya watu, na kila mwenye shamba huturuhusu kwa kupeana mikono tu, mwaka hadi mwaka. Siku akichoshwa nasi, anafunga. Ndiyo maana kila mwanzo wa msimu chama huwapelekea pai ya nyama ya kuwashukuru. Na pai anaoka nani? Mimi, bila shaka. Mwenyekiti yeye hupeleka.

Kijimkahawa changu ndicho kituo cha mwisho kwenye njia hiyo. Napika maharage na ploye, chapati zetu laini za siku zote, na majira yote ya baridi wanaokula ni waendesha pikipiki. Barabarani kwangu hupita malori ya magogo, nayo hayasimami. Kwa hiyo njia ikifungwa, na mimi nafunga, naenda kukaa kwa dada yangu, ambaye ni mke wa Gilman, nimsikilize mwenyekiti asubuhi mpaka jioni. Afadhali nigande.

Basi Ijumaa moja, theluji imeanguka ya kutosha na watu wa mijini wanategemewa kesho yake, Gilman akaingia kwangu uso umemvimba.

"Bi Exilda amefunga njia!"

"Amefunga nini?"

"Njia, shemeji! Katia mnyororo kati ya miti miwili, na ubao juu: MSIPITE. Kuna mshenzi jana kapita juu ya miche yake."

Nikaacha mwiko ndani ya sufuria. Shamba la Bi Exilda Daigle liko katikati, kati yangu na njia nyingine zote. Hakuna pa kuzungukia. Na ile miche ya misonobari aliipanda na marehemu mumewe, Léo, mwaka ule ule aliofariki. Bado inafika magotini tu, kwa hiyo theluji inaifunika yote. Asiyejua anaona uwanja mweupe unaomwita aje acheze. Ndiyo maana chama kimepigilia vibao kila kona: USITOKE NJIANI.

"Ni wale wa mijini, watu wa kusini," Gilman akasema. "Wanakuja na pikipiki za bei ya nyumba, wakiona theluji mbichi wanawehuka!"

"Jana walikuwepo watu wa kusini?"

"Hao hawakosi."

"Uliwaona?"

"Shemeji, mimi ndiye mwenyekiti."

Hoja nzito kama hiyo haihitaji ushahidi. Tena alikuwa ameshawatumia wanachama wote ujumbe, kwamba mhalifu anasakwa na atapigwa marufuku maisha. Nikavaa buti, nikamwambia anipeleke.

Tuliacha gari lake kwenye mnyororo, tukaingia kwa miguu. Alama ya pikipiki ilikuwa pale pale, haikujificha. Ilitoka njiani kwenye kona, ikakata moja kwa moja katikati ya miche, na vilele vilivyovunjika vilikuwa vimetapakaa juu ya theluji. Niliviokota viwili vitatu. Bado vilikuwa vinanukia, na nilikasirika hata machozi yakanilenga. Tukaifuata. Haikwenda msituni wala mtoni. Ilikwenda mpaka kwenye ngazi za Bi Exilda, ikageuka hapo, ikarudi ilikotoka.

"Mshenzi alifika mpaka mlangoni," Gilman akasema, lakini sauti yake ilikuwa imeanza kupungua.

Dirishani, imeoshwa na kukaushwa, ilisimama sahani yangu ya bluu ya pai.

"Gilman."

"Naam, shemeji."

"Nilikwambia pai ya Bi Exilda uipeleke kwa gari."

"Theluji ilikuwa nzuri mno."

"Ukapita wapi?"

Akatazama mawinguni kana kwamba jibu liko huko. "Njia inazunguka sana pale. Pai ingepoa."

Jamani! Mtu anapeleka pai ya kumshukuru mwenye miche, na anaipeleka kwa kupita juu ya miche. Halafu anatangaza msako. Nilimwambia maneno ambayo dada yangu asingependa niyarudie.

Mlango ukafunguliwa. Bi Exilda alikuwa amevaa sweta la Léo, mikono imekunjwa kifuani.

"Mmefuata sahani?"

"Tumefuata msamaha, Bi Exilda," nikasema, nikamsukuma Gilman mbele.

Akakohoa. "Kwa niaba ya chama..."

"Chama ndicho kilichokuwa kimeshika usukani?"

"Hapana, bibi. Ni mimi."

"Hapo sawa. Kumbe unaweza."

Tukasubiri atutukane. Nilitamani atutukane. Lakini yeye alikuwa akimtazama Gilman tu.

"Nilikuona toka dirishani," akasema. "Nikasema, huyu Gilman, aliyekuwa akija kuvuna viazi na Léo, leo kanikumbuka. Nikabandika kahawa. Nikatoa vikombe viwili. Ukaweka pai kwenye ngazi, ukanipungia mkono, ukaondoka. Hata injini hukuzima."

Gilman akavua kofia. Masikio yalikuwa yamemwiva.

"Miche nitapanda mingine," Bi Exilda akasema. "Lakini miaka yote hii mnapita hapa, mnanipungia. Nimechoka kupungiwa."

Mimi mwenyewe hupita pale kila ninapokwenda kwa dada yangu, na mkono wangu si mvivu.

Masharti aliyatoa papo hapo mlangoni. Gilman awaandikie wanachama wote kwamba mhalifu amepatikana na ni yeye. Theluji ikiyeyuka, aje apande miche, na aje amevaa koti lake lile lile. Na mnyororo Bi Exilda atautoa mwenyewe, siku akipenda.

Jumamosi nikabandika sufuria kubwa kwa kubahatisha. Nikasikia injini zinakuja upande wa shamba, nyingi, nikaanza kupanga sahani. Kisha zikazimika, moja baada ya nyingine. Nikasubiri. Maharage yakaanza kushika sufuria. Hakuna aliyetokea. Nikapanda pikipiki yangu na hasira zangu zote.

Mnyororo haukuwepo. Pikipiki za bei ya nyumba zilikuwa zimepangwa vizuri kando ya njia, na ule ubao umegeuzwa, umeandikwa upande wa pili: ZIMA INJINI. KAHAWA IPO. Nikapanda ngazi, nikasukuma mlango. Watu wa kusini walikuwa wamejibana kuzunguka jiko, miguuni soksi tu, na Mwenyekiti katikati yao anagawa vikombe. Kwenye kiti karibu na dirisha Bi Exilda alikuwa anacheka, na kicheko chake sikuwa nimekisikia tangu tumzike Léo.

"Ingia, unatuletea baridi," akaniambia. "Usininunie. Nimewapa kahawa tu, chakula nimewaambia kiko kwako. Kaa kwanza."

"Sikai, Bi Exilda. Nimepita kukusalimu tu."

Akatega sikio.

"Na hiyo inayonguruma huko nje ni ya nani?"

Nikatoka kwenda kuizima.