Kifaa cha Garini na Porini

Daktari wa mifugo alitaka kifaa kimoja cha kumwonyesha njia, garini na porini. Muuzaji akaapa, "Hiki kinafaa kote, ila soma maelekezo."

Mbishi yule! Maelekezo ni ya wasiojua, akasema, akaingia nacho kichakani nyuma ya duka kukijaribu, asikiambie kwamba sasa yuko kwa miguu. Kikamwamuru apunguze mwendo, akapunguza. Kikamtaka ageuze, akarudi rivasi, shingo kaipinda, miiba ikimchoma matakoni.

Mkewe, aliyechoka kungoja dukani, akamkuta kasimama kama mlingoti.

"Baba watoto, mbona huendi?"

"Kinasema mbele kuna foleni."

Mkewe akachungulia. Mbuzi mmoja, anatafuna majani. Akashusha pumzi, akajipanga nyuma ya mumewe, akaanza kupiga honi kwa mdomo.