Faini ya Viazi vya Nyamyumba

Mwenyeji akishaonja, mgeni hakatai. Sheria hii haikuandikwa popote, lakini kila Mnyarwanda anaijua tangu anapoachishwa ziwa: anayekukaribisha huonja kwanza ili ujue hakukutilia sumu, nawe ukikataa baada ya hapo umemwita mwuaji. Anayekataa hulipa faini kwa mikono yake. Mimi mwenyewe nilimtoza jirani yangu Wellars faini hiyo katika arusi ya mwanangu mkubwa. Nilimsimamisha uani apike, aonje, kisha awahudumie watu wote wa nyumba yangu, kuanzia mdogo hadi mkubwa, jasho likimtiririka. Sikumwonea huruma. Sheria ni sheria.

Mwezi wa Julai, mwaka 1999, nilisafiri kutoka Kibungo hadi Gisenyi kumwona mjukuu wangu Mutoni. Mama yake, binti yangu, alifariki tukiwa bado uhamishoni Karagwe, nami nikamlea mtoto kwa uji, katekisimu na hesabu za kichwa. Sasa alikuwa mhudumu wa zahanati, amepanga chumba Mbugangari, na amepata mchumba: Aimable, fundi wa mashua wa Rubona. Kabla ya kuja kuposa rasmi, wazazi wa kijana waliomba kunijua. Nami nilitaka kuwajua. Na, nikiri, nilitumaini kupata sababu ya kukataa.

Mji wenyewe ulinipa sababu nyingi. Ufukweni kuna miti mikubwa ambamo popo huning'inia mchana kutwa kama matambara yaliyosahauliwa kambani. Mmoja wao alinichafulia kofia niliyoinunua kwa ajili ya safari.

"Huku wanasema ni baraka, babu," alisema Mutoni, akijizuia kucheka.

"Wanaosema hivyo hawavai kofia."

Njiani kwenda Rubona tulivuka mto Sebeya. Nilisimama darajani nikatazama chini. Maji yalikuwa mekundu na mazito kama uji wa ulezi. Mwanamume mmoja alikuwa akisafisha baiskeli yake. Hatua tatu chini yake mwanamke akiosha mihogo, na wawili hao wakitaniana kwa sauti. Juu yao wote, maji yanakotoka, mbuzi alikuwa amesimama mtoni akifanya jambo nisilopenda kuliandika. Milima ilikuwa ya kijani, ziwa lilikuwa la buluu, ndege walikuwa wengi, sikatai. Mwenyezi Mungu alifanya sehemu yake. Waliobaki ndio hawakufanya yao.

Baba yake Aimable, Viateur, mchuuzi wa samaki, alitupokea kwa kunikumbatia kabla hatujajulishana. Mkewe alizaliwa Goma, hivyo nyumba nzima huzungumza Kiswahili cha mpakani.

"Mugeni wa heshima hatumupokei mu nyumba," alisema Viateur. "Tunaenda kwa maji ya moto. Mama yangu iko kule tangu asubui."

Maji ya moto ya Nyamyumba huchimbuka kando ya ziwa, katikati ya mawe, yakifuka mvuke. Nilikuta watu kama ishirini wameketi ndani yake wakikanda viungo. Mzee mmoja alikuwa akisugua kisigino kwa jiwe, na ngozi nyeupe ikielea mbele yake. Hatua mbili kutoka kisiginoni, katika maji yale yale, ulikuwa umezamishwa mfuko wa wavu uliojaa viazi.

Niliomba Mungu viwe vya mtu mwingine.

Viateur aliuvuta mfuko, akachagua kiazi kikubwa kuliko vyote, akakimenya kwa kidole gumba, akauma, akatafuna, akameza. Kisha akaninyooshea nusu iliyobaki kwa mikono miwili. Kilikuwa na unyevu wa kijivu.

"Hapana," nikasema.

Viateur aliacha kucheka. "Mzee, nimeonja."

"Nimeona."

"Donc, basi?"

"Siwezi kula kitu kilichopikwa katika maji ya miguu ya watu."

"Aa!" mkewe akapiga makofi. "Anasema tuko wachafu!"

Kutoka majini ikaja sauti ya bibi kizee, Mukantwari, mama yake Viateur, aliyekuwa amezama hadi mabegani. "Hajasema hivyo. Amesema tunaua watu. Hata yeye anajua."

Nilijua. Viateur alikirudisha kiazi mfukoni polepole.

"Bon. Mi sina kasirani, mzee. Lakini mutoto wangu hawezi kuoa kwa nyumba yenye inaogopa mukono wangu. Ulipe faini, upike na utupe sisi wote kwa mukono wako. Ao tuachane hapa, kila mutu na njia yake."

Basi mlango nilioutafuta ulikuwa wazi mbele yangu. Nilihitaji tu kuvaa kofia yangu iliyochafuka na kuondoka. Nilimgeukia Mutoni ili tuondoke pamoja. Hakulia, wala hakunisihi.

"Babu," alisema, "Wellars alilia alipofika kwake usiku ule. Mkewe aliniambia. Nilipokueleza, ulinijibu nini?"

"Nilijibu kwamba sheria ni sheria."

"Basi."

Nikavua viatu. Aimable, aliyekuwa amesimama nyuma ya baba yake, alivipokea kwa mikono miwili, akavishika kifuani kana kwamba ni kalisi ya misa. Nikakunja suruali, nikaingia. Matope yalinipenya kati ya vidole, mororo na vuguvugu, nami nikafumba macho. Mzee wa kisigino alisogea kidogo.

"Karibu, mzee. Huku iko muzuri kwa magoti."

Niliomba mfuko wa viazi vibichi, nikauchukua hadi ukingoni kabisa, mbali na miguu yote, mahali ambapo maji yalionekana safi, nikauzamisha hapo. Nilipima muda kwa Rozari nzima bila kuharakisha, maana sikutaka mtu aseme nimefupisha adhabu yangu. Kisha nikamenya kimoja, nikauma mbele ya wote.

Kilikuwa kigumu kama sabuni. Kilikuwa na ladha ya chuma, na, sitaacha kuamini hivyo hadi kufa, ya kisigino. Nikatafuna. Nikameza. Nikaanza kugawa.

Mdogo kuliko wote alikuwa Aimable. Akauma, kikalia kacha. Akanitazama, akatazama viatu vyangu, akaendelea kutafuna. Nikampa mama yake, nikampa Viateur, na kwa kila mmoja kikalia kacha. Hakuna aliyetema. Wangetemaje? Nilikuwa nimeonja.

Mwisho nilimpelekea Mukantwari, aliyebakiwa na meno matatu. Alikibonyeza kiazi kwa kidole.

"Kibichi," alitangaza. "Amepika kando, penye maji ya baridi, juu ya vile hakutaka kukaa na watu."

"Kula, mama," alisema Viateur, mashavu yamejaa. "Ameonja."

Bibi kizee alinikazia macho. Kisha akaanza kukikwangua kiazi kwa jino moja, kidogo kidogo, huku mimi nimesimama mbele yake miguu ikiniwaka, hadi kikaisha chote. Akaosha vidole vyake katika maji yale yale.

"Faini imelipwa," akasema. "Mupe babu yenu viatu vyake."