Taa Zilizoandama Kwale

Wallahi, haya ni ya kweli tupu, na asiyesadiki aende Waa akaulize, kama atampata mtu wa kumjibu bila kucheka.

Zahoro alikuwa na pikapu iliyokwisha chakaa hata kabla ya bendera ya Mwingereza kuteremshwa. Taa zake za mbele zilimulika kama vibatari viwili vinavyogombania mafuta. Mkewe, Mwanasha, alikuwa amemwambia waziwazi: "Sikukuu hii nakwenda kwa mama, Msambweni. Gari likiwa na macho, tutakwenda sote. Likiwa kipofu, utabaki nalo uliongoze."

Basi siku ya ishirini na tisa ya Ramadhani Zahoro akapanda Kwale kwa fundi Mwinga. Mwinga akamfungia taa mbili kubwa, alizozing'oa kwenye lori la jeshi la wakati wa vita. Zilikuwa kali ajabu, ila kila moja ilifunikwa bati lenye upenyo mwembamba uliopinda, ili ndege za adui zisilione lori gizani.

"Mabati haya yameshika kutu," alisema Mwinga. "Niachie gari, kesho nitayakata kwa msumeno."

"Kesho huenda ikawa Idi, bwana! Futari yangu iko Waa."

Magharibi ilimkuta juu ya kilima. Akafuturu kwa tende, akasali kando ya njia, akawasha taa, akaanza kuteremka polepole.

Kule Waa watu walikuwa wamesimama uwanjani, nyuso zimeelekea kilimani, wanautafuta mwezi. Mawingu yalikuwa mazito. Mara Iddi, muuza samaki, akaruka.

"Ule pale! Mwembamba kama ukucha!"

"Mimi naona miwili," alisema Bi Mwanaima.

"Hiyo njaa, bibi. Kafuturu kwanza."

Debe likapigwa, takbira zikapaa. Zahoro alipokaribia kijiji akasimama kumuuliza Kahaso, jirani yake, kuna nini.

"Mwezi umeandama! Umeonekana kilimani, kisha ukashuka ukaelekea Kombani!"

Zahoro akageuka kuitazama njia ya Kombani aliyoijia, kisha taa zake. Akazima taa, akaingia kijijini gizani akipapasa njia kama mwizi wa kuku. Kila nyumba ilinukia bizari. Watoto walikuwa wamekwisha vaa kanzu mpya. Akiwaambia ukweli, ataitwa mvunja Idi mpaka kaburini. Akinyamaza, kijiji kizima kitakula mchana wa Ramadhani.

Imamu, Sheikh Jumbe, alikuwa amekunja uso mlangoni mwa msikiti.

"Shikamoo, sheikh."

"Marahaba. Zahoro, mwezi hutua. Huu umepiga kona. Wewe umetoka huko, umeona nini?"

"Wallahi, sheikh, taa zangu hazikuwaka hata kidogo!"

Sheikh akamsogelea.

"Nani aliyekuuliza habari za taa?"

Zahoro hajajibu, Mwanasha amekwisha chomoka umatini, kapanda gari lililoelekea msikiti na kubonyeza swichi. Kwenye ukuta mweupe wa msikiti zikaandama hilali mbili, zimetulia, nzuri kweli.

"Si nilisema miwili!" akapiga kelele Bi Mwanaima. "Mkaniambia njaa!"

Sheikh akatangaza kwamba kesho ni kufunga. Kisha akamgeukia Zahoro. "Na wewe umeapa uwongo kwa jina la Mungu. Lete toba, na utoe kafara: ulishe maskini kumi."

"Lakini sheikh, hapa Waa maskini kumi nitawatoa wapi?"

Hapo Waa nzima ikafukarika. Iddi alivua saa akaitia mfukoni. Chirau, mwenye maduka mawili, alivua viatu, akasema yeye ni yatima tangu zamani, na mvi zake zote.

Jioni ya pili yake beberu wa Zahoro, aliyemnenepesha kwa sikukuu, alikuwa ndani ya sufuria la pilau, na foleni ya mafukara imezunguka nyumba. Zahoro alipakua mpaka mkono ukafa ganzi.

"Mke wangu," alinong'ona, "na Msambweni je? Taa si zinawaka?"

"Zinawaka," alisema Mwanasha, akimsogezea sahani nyingine. "Pakua kwanza. Yatima Chirau anataka mnofu."